Mwanamke wa Kiislamu na Safari: Historia Inatuambia Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu wazazi, vijana na wanafunzi,

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, swali moja hurudi katika nyumba zetu. Binti amefaulu, amepata nafasi ya chuo, na chuo kiko mbali, pengine hata nchi ya jirani. Baba ananyamaza. Mama anasema tukamuulize sheikh. Mjomba anasema mwanamke hasafiri bila mahram, na kwake mjadala umekwisha. Binti mwenyewe yuko chumbani anasubiri hukumu yake, na hakuna aliyemwita kumsikiliza.

Mwaka huohuo, pengine katika mtaa huohuo, binti mwingine aliyeacha shule anatafutiwa wakala. Pasipoti inashughulikiwa haraka, na baada ya wiki chache anapanda ndege peke yake kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu asiowajua. Hapo mjomba hasemi kitu, kwa sababu fedha zinatarajiwa.

Mambo haya mawili yakikaa pamoja katika jamii moja, ni lazima tujiulize kama kweli tunafuata dini au tunafuata mazoea. Leo, inshaallah, tutaipitia historia ya safari za wanawake katika Uislamu, kisha tuone inatufundisha nini sisi wa leo.

UFEMINISTI UNAULIZA NINI?

Neno ufeministi likitajwa katika baraza zetu, wengi hukunja uso. Kwa ufupi, ni fikra zinazotetea haki za wanawake, na ndani yake kuna makundi mengi yasiyokubaliana. Si lazima tuyakubali yote wanayosema. Lakini wanahistoria wa upande huo wameleta swali zuri ambalo hata sisi linatufaa: vitabu vya safari karibu vyote vimeandikwa na wanaume, je, wanawake walikuwa wapi? Walibaki nyumbani kweli, au walisafiri na hakuna aliyeandika?

Majibu yao nayo yamepitia hatua. Kwanza walikusanya habari za wanawake wa Ulaya waliosafiri na kuandika, wakawasifu kuwa waliwahi kuvunja minyororo. Baadaye wengine, wakiwemo wanawake wa Kiislamu, wakawakosoa. Walisema wanawake wengi wa Ulaya walijipatia uhuru wao safarini kwa kuwadharau wanawake waliowakuta huko walikokwenda, na kuwaandika wote kama wafungwa wasio na akili wala sauti.

Si wote waliokuwa hivyo. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, alikaa katika dola ya Uthmaniya mwaka 1717 na 1718. Aliingia katika nyumba za wanawake wa Kituruki na hamamu zao, akaandika barua zilizochapishwa mwaka 1763 baada ya kufa kwake. Humo alisema kuwa wanaume wa Ulaya walioandika kabla yake hawakujua walichokisema, maana hawakuruhusiwa kuingia ndani. Alisema pia kuwa mwanamke wa Kituruki akijifunika hutembea mjini popote apendapo bila mtu kumjua, na kwa hiyo ana uhuru mkubwa zaidi ya ilivyodhaniwa.

Naye Fatema Mernissi, mwanazuoni wa Morocco aliyezaliwa Fes mwaka 1940, alieleza katika vitabu vyake jinsi bibi yake, ambaye hakujua kusoma na aliishi maisha yake ndani ya kuta za nyumba ya wake wengi, alivyomfundisha kuwa kusafiri ndiyo njia bora ya kujifunza. Asiyepata safari ndiye aliyeijua thamani yake.

Basi tulichukue swali lao, lakini jibu tukalitafute katika historia yetu wenyewe.

WANAWAKE WA MWANZO

Safari ya mwanamke iko ndani ya nguzo ya tano ya Uislamu. Kila hujaji, awe mwanamume au mwanamke, anapokwenda mbio baina ya Safa na Marwa anafuata nyayo za Bi Hajar, mama aliyeachwa katika bonde lisilo na maji akiwa na mtoto mchanga, akahangaika huku na huko kutafuta maji. Mamilioni ya wanaume wanafuata hatua za mwanamke mmoja, na sisi tunalipita jambo hili bila kulitafakari.

Waislamu wa kwanza kuhama kwa ajili ya dini walikwenda Habasha mwaka 615, na wanawake walikuwamo. Alikuwemo Bi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.), pamoja na mumewe Uthman bin Affan (R.A.). Alikuwemo pia Bi Umm Salama (R.A.), na kisa chake cha baadaye kinastahili kusimuliwa kwa watoto wetu.

Ulipofika wakati wa kuhamia Madina, Umm Salama alitoka pamoja na mumewe Abu Salama na mtoto wao mdogo. Jamaa zake wakamzuia asiende, na jamaa za mume wakamnyang'anya mtoto. Mume akaenda Madina peke yake. Watu watatu, kila mmoja mahali pake. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja mama huyu alikuwa akitoka kila siku kwenda kukaa mahali paitwapo Abtah, analia mpaka jioni. Hatimaye jamaa yake mmoja akamwonea huruma, akaruhusiwa na akarudishiwa mtoto. Akapanda ngamia wake, akampakata mwanawe, akashika njia ya Madina, safari ya mamia ya kilomita, hana mtu.

Alipofika Tan'im akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu bado. Akamuuliza anakwenda wapi na nani yuko naye. Aliposikia kuwa hana mtu ila Mwenyezi Mungu na mtoto wake, alishika hatamu ya ngamia akamwongoza njia nzima. Kila walipotua alimlaza ngamia kisha akaenda mbali ili mama ashuke kwa heshima yake, na yeye akalala chini ya mti mwingine. Walipokiona kijiji cha Quba alimwambia mumeo yuko humo, kisha akageuka akarudi Makka kwa miguu. Umm Salama mwenyewe ndiye aliyesimulia, na alisema hajapata kuona msafiri mwenza mwenye heshima kuliko mtu huyo.

Tukizingatie kisa hiki. Mwenzake wa njiani hakuwa mahram wake, na wala hakuwa Mwislamu. Hatusemi kwamba ndiyo hukumu ya siku zote, kwani ilikuwa dharura ya hijra na sheria nyingi zilikuwa hazijateremka. Tunachosema ni kuwa mtu mwema alipomkuta mwanamke njiani hakumuuliza kwa nini ametoka. Alishika hatamu.

Bi Umm Kulthum bint Uqba naye alitoka Makka baada ya mkataba wa Hudaybiya wa mwaka 628, akiwaacha ndugu zake waliokuwa wakimpinga. Ndugu hao walimfuata Madina kumdai arudishwe, kwa kuwa mkataba ulisema anayekimbia arejeshwe. Hapo zikateremka aya za Suratul Mumtahina kuhusu wanawake Waumini wanaohama, na Umm Kulthum hakurudishwa.

Na Bi Asma bint Umays, aliyekaa Habasha miaka mingi na mumewe Ja'far, alirudi kwa jahazi mwaka wa 7 Hijria. Siku moja Umar (R.A.) alimwambia kuwa wao wa Madina wamewatangulia katika hijra, hivyo wana haki zaidi kwa Mtume (S.A.W.). Bi Asma alikasirika. Alijibu kuwa nyinyi mlikuwa pamoja na Mtume, anamlisha mwenye njaa wenu na kumwonya asiyejua, nasi tulikuwa ugenini mbali tukiudhiwa na kuogopa. Akaapa kuwa hatakula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume maneno haya. Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili. Baada ya hapo wanaume waliokuwa Habasha walikuwa wakimjia makundi kwa makundi kumuuliza awasimulie tena habari ile. Mwanamke alisafiri, akaitetea safari yake kwa ulimi wake, na wanaume wakaketi kumsikiliza.

JE, NA HADITHI ZA MAHRAM?

Hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila mahram ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na hatuwezi kuzifumbia macho. Lakini tuzisome zote, na tuone maulamaa walizifahamu vipi.

Kwanza, hadithi zenyewe zinatofautiana katika muda. Ipo inayotaja siku tatu, ipo ya siku mbili, ipo ya mchana na usiku mmoja. Maulamaa waliziangalia tofauti hizi na wakatafuta makusudio yake.

Pili, katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), mtu mmoja alisimama akamwambia Mtume (S.A.W.) kuwa mke wake ametoka kwenda Hijja na yeye ameandikishwa katika jeshi la vita fulani. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aende akahiji pamoja na mkewe. Amri ilimwendea mume. Hakuambiwa mkewe arudi nyumbani. Mume aliambiwa aache jeshi amfuate. Wangapi kati yetu tunaikumbuka hadithi hii kwa upande huo?

Tatu, Mtume (S.A.W.) alimwambia Adi bin Hatim (R.A.) kuwa akijaaliwa umri mrefu atamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira, mji wa Iraq, mpaka aitufu Al-Ka'ba bila kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Adi alikuwa wa kabila la Tayyi', na alijiuliza moyoni: majambazi wa kabila langu, waliowasha moto wa fitina katika nchi, watakuwa wapi siku hiyo? Baadaye alishuhudia kuwa amemwona mwanamke huyo kwa macho yake. Habari hii ilitolewa kama bishara njema, kwamba dalili ya nchi kutengemaa ni mwanamke kupita njia ndefu kwa amani.

Nne, Umar (R.A.) katika Hijja yake ya mwisho, mwaka wa 23 Hijria, aliwaruhusu wake wa Mtume (S.A.W.) kwenda Hijja, akawapeleka pamoja na Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Awf (R.A.) kuwalinda.

Kutokana na dalili hizi wanazuoni walitofautiana. Mahanafi na Mahanbali walishikilia mahram hata kwa Hijja ya faradhi. Malik na Shafi, Mwenyezi Mungu awarehemu, waliruhusu Hijja ya faradhi pamoja na wenzake waaminifu pale njia inapokuwa na amani. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Shafi, hivyo rai hii si ngeni kwetu. Kwa safari zisizo za faradhi maulamaa wengi wa zamani walikaza zaidi, na baadhi ya maulamaa wa zama hizi wamelegeza wakisema kuwa sababu ya katazo ni hatari ya jangwani na upweke. Hukumu ya jambo la kila mmoja aulizwe mwanachuoni anayemwamini. Ila kila upande katika tofauti hii unazungumzia jambo moja, nalo ni usalama wa mwanamke.

Hata Saudi Arabia, iliyokuwa ikikaza sana, imebadilika. Wanawake waliruhusiwa kuendesha magari mwaka 2018. Mwaka 2019 mwanamke aliyetimiza miaka 21 aliruhusiwa kuchukua pasipoti na kusafiri bila idhini ya walii. Na mwaka 2022 waziri wa Hijja alitangaza kuwa mahram si sharti tena kwa mwanamke anayekwenda Hijja au Umra.

ZUBAYDA ALIYECHIMBA VISIMA

Wapo wanawake waliosafiri, na yupo aliyewatengenezea wengine njia. Bi Zubayda alikuwa mke wa Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad, na alifariki mwaka 831. Alikwenda Hijja zaidi ya mara moja na akaona kwa macho yake taabu za mahujaji, kiu hasa. Alitoa mali yake kujengea mabirika, visima na vituo vya kupumzikia katika njia ya kutoka Kufa hadi Makka, yapata kilomita 1,400. Njia hiyo mpaka leo inaitwa Darb Zubayda, yaani njia ya Zubayda, na mabirika yake mengine bado yanaonekana jangwani. Pale Makka alileta maji kwa mfereji kutoka milimani, ukajulikana kama Ayn Zubayda, na kwa karne nyingi mahujaji wa Arafat walikunywa maji ya sadaka yake. Inasimuliwa kuwa mafundi walipolalamika kuhusu ugumu wa mawe na gharama, aliwaambia waendelee hata kama kila pigo la shoka litamgharimu dinari.

Huyu hakukaa akabishana kama wanawake wasafiri au wasisafiri. Alikuta wanasafiri wakifa kwa kiu, akachimba.

WALIOSAFIRI KUTAFUTA ELIMU

Bi Karima al-Marwaziyya alitoka upande wa Marw, Asia ya Kati, akasafiri mpaka akafanya makazi yake Makka. Alikuwa bingwa wa Sahih Bukhari, na wanaume walitoka mbali kuja kusoma kwake. Miongoni mwa waliosoma kitabu hicho mbele yake ni Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahistoria mkubwa wa Baghdad. Bi Karima alifariki Makka yapata mwaka 1070 na hakuolewa maisha yake yote.

Bi Fatima bint Sa'd al-Khayr ni mfano mwingine. Baba yake alikuwa mwanachuoni kutoka Andalusi aliyesafiri mpaka China, na binti alikulia katika safari. Alisoma Isfahan na Baghdad, akahamia Damascus, kisha akafundisha Cairo, na huko alifariki yapata mwaka 1204. Baba alipokwenda kutafuta elimu hakuwaacha binti zake nyuma.

Hawa si wawili watatu tu. Sheikh Mohammad Akram Nadwi, mwanachuoni wa asili ya India anayeishi Uingereza, alianza kukusanya majina ya wanawake wanazuoni wa hadithi akidhani atapata kijitabu. Kazi ilimchukua miaka mingi, na ilipochapishwa mwaka 2021 ilifikia juzuu 43. Wengi katika hao walisafiri kwa ajili ya elimu, au wanafunzi walisafiri kuwafuata.

BEGUM WAWILI WA INDIA

Mwaka 1575 Gulbadan Begum, binti wa mfalme Babur na shangazi wa mfalme Akbar, alitoka Fatehpur Sikri akiongoza msafara wa wanawake wa nyumba ya kifalme kwenda Hijja. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Pale bandari ya Surat walikwama, maana bahari ilikuwa chini ya Wareno na bila hati yao hakuna jahazi lililopita salama. Hatimaye wakavuka. Walikaa Uarabuni miaka zaidi ya mitatu, wakatoa sadaka nyingi, hata Sultani Murad III wa Istanbul akatuma amri kuwa wasafiri hao wa India waondoke, kwa madai ya msongamano na upungufu wa chakula. Wakati wa kurudi jahazi lao lilivunjika karibu na Aden, wakakwama huko miezi mingi. Walirejea nyumbani mwaka 1582, baada ya karibu miaka saba.

Gulbadan alikuwa mwandishi. Aliandika kitabu kuhusu kaka yake, mfalme Humayun. Nakala yake moja tu ndiyo iliyobaki duniani, nayo imekatika ghafla, na habari za safari ya Hijja hazimo. Tunachokijua kuhusu safari hiyo kimetoka katika vitabu na hati za wanaume. Mwanahistoria Ruby Lal, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2024, amejaribu kuikusanya tena safari hii kipande kwa kipande. Hapo ndipo swali la ufeministi linapouma, kwamba mwanamke alisafiri miaka saba, alijua kuandika, na hatuna ukurasa mmoja wa safari ile kwa kalamu yake.

Karibu miaka mia tatu baadaye, Sikandar Begum, mwanamke aliyetawala Bhopal, alikwenda Hijja mwaka 1863 hadi 1864 pamoja na mama yake. Huyu aliandika kwa Kiurdu, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1870. Si kitabu cha sifa tupu. Kama mtawala aliyezoea kukagua, alilalamikia ushuru wa forodha wa Jeddah, uchafu wa mitaa na usalama wa njia. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumkatalia, lakini sauti ni yake.

SAFARI ZA KWETU

Sisi wa nchi za Maziwa Makuu tusidhani habari hizi ni za Makka na India tu. Uislamu ulifika kwetu kwa miguu, kupitia njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya ziwa mpaka Manyema. Picha tuliyofundishwa shuleni ni ya wafanyabiashara wanaume na wapagazi wanaume. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000 na 2006, ameonyesha kuwa wanawake walikuwa wengi katika misafara hiyo. Walibeba vyombo vya kupikia, vibuyu na mikeka, walipika, waliuguza wagonjwa, na wengine walifanya biashara zao wenyewe. Bila wao kambi isingelala wala msafara usingefika.

Lakini hapa ni lazima tuwe wakweli. Katika njia hizohizo walipita wanawake wengine na watoto wao wakiwa watumwa, wamefungwa, wakitembezwa kwenda pwani. Nao pia walisafiri. Kwa hiyo asituambie mtu kuwa kila safari ni uhuru. Safari ya mwanamke aliyeichagua na safari ya mwanamke aliyesukumwa zinaweza kupita njia moja, siku moja.

Pwani nako kuna habari ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyeondoka kisiwani mwaka 1866 kwa meli ya kivita ya Kiingereza, akaolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg. Aliacha dini yetu, na hilo linatuhuzunisha. Lakini kitabu chake cha mwaka 1886, alichoandika kwa Kijerumani, ni ushahidi usiopuuzwa. Humo aliwakatalia Wazungu waliodhani kuwa wanajua maisha ya mwanamke wa Kiislamu, akawaambia kuwa wanaandika wasiyoyaona. Aliujua upweke wa ugenini, kwani mumewe alifariki mwaka 1870 na kumwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi, na mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa.

LEO NANI ANASHIKA HATAMU?

Ndugu zangu, turudi kwa mabinti wawili tuliowataja mwanzo.

Binti anayekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani anaingia katika mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Baadhi ya nchi zimeulegeza mfumo huo, lakini ndani ya nyumba za watu ukaguzi ni mgumu. Wapo wanaopata waajiri wema wanaomcha Mungu, wakarudi na fedha zao na heshima yao. Wapo pia wanaonyang'anywa pasipoti na simu, wanaofanya kazi mchana na usiku, na wanaorudi wagonjwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011, lakini karatasi haimfikii binti asiyejua kuwa ipo.

Yule anayekwenda chuo atakuwa na wenzake, bweni, walimu na simu, na siku moja ya basi kutoka nyumbani. Huyu tunamzuia kwa hoja ya usalama. Yule wa Ghuba tunamsindikiza uwanja wa ndege. Kama hoja yetu ni usalama kweli, basi tumeigeuza juu chini.

Historia tuliyoipitia inaonyesha kuwa mwanamke wa Kiislamu amesafiri siku zote, kwa dini, kwa elimu, kwa riziki na kwa dhiki. Hakuna zama aliyokaa. Kilichotofautiana ni kama jamii yake ilimwandalia njia au ilimwachia jangwa. Bi Zubayda aliandaa visima. Uthman bin Talha alishika hatamu. Yule sahaba aliambiwa aache jeshi afuatane na mkewe. Jukumu la mahram ni mzigo uliowekwa juu ya bega la mwanamume. Sisi tumeufanya kufuli la mlango wa mwanamke, kisha tukajipumzisha.

Basi tunashauri yafuatayo:

1. Binti akipata nafasi ya masomo mbali, familia ikae pamoja naye, asikilizwe yeye kwanza. Kisha tuulize maswali ya njia: atalala wapi, atasafiri na nani, wenyeji wake ni akina nani, atampigia nani akipata shida?

2. Misikiti yetu iwe na mawasiliano. Imamu wa huku ampigie imamu wa kule, na akina mama wa msikiti wa kule wampokee mgeni. Hicho ndicho kisima cha zama zetu.

3. Baba au kaka akiweza kumsindikiza safari ya kwanza, amsindikize. Nauli hiyo ina thawabu inshaallah.

4. Anayekwenda Ghuba asiondoke bila kuusoma mkataba wake katika lugha anayoielewa. Nakala ya pasipoti na mkataba zibaki nyumbani, na namba ya ubalozi aijue kwa moyo. Wakala asiyetaka kuonyesha karatasi, msimpe mtoto wenu.

5. Wanafunzi, wakalisheni bibi zenu. Waulizeni walitoka wapi, walipita njia gani, walivuka ziwa na nani, walikimbia vita gani. Andikeni katika daftari kwa maneno yao wenyewe. Kitabu cha Gulbadan kilikatika na hatuwezi kukimalizia, lakini cha bibi yako bado kinaweza kuandikwa wiki hii.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde mabinti zetu wote walioko safarini, wa vyuoni na wa majumbani mwa watu, awarudishe salama, na awajaalie kukutana njiani na watu wenye heshima kama aliyekutana naye Bi Umm Salama. Na atujaalie sisi tuwe watu hao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.